Kikombe cha Barafu

Dubai sisi tuliishi kwenye balkoni. Watu wa kwetu nikiwaambia hivyo wanadhani nyumba ilikuwa na balkoni. Hapana. Balkoni ndiyo ilikuwa nyumba. Ilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la zamani pale Al Muraqqabat, chini maduka ya simu na ya manukato, juu hakuna kitu ila mbingu. Fundi mmoja alikuwa ameizungushia mbao nyembamba pande zote, na juu akaezeka kwa plastiki ya mawimbi kama bati. Ndani liliingia godoro moja la watu wawili, nasi tukalilalia watatu. Masanduku yetu yalipangwa upande wa kichwani, na hayo masanduku ndiyo yalikuwa meza, ndiyo kabati, na ndipo palipokaa birika.

Majina ya watu wote wa nyumba ile ninayo. Shule niliiacha kabla sijamaliza darasa la tatu, na kuandika nimejifunza ukubwani kwa kunakili Biblia, lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halitoki tena. Nakumbuka jina la fundi wa zile mbao, na jina la mama yake, maana aliniambia. Ila hapa sitaandika hata moja. Wale watu bado wako kule wanatafuta riziki, na zile mbao hazikuwa halali.

Kilichotupeleka kule ni mtoto. Binti yangu wa mwisho alikwenda Dubai akamwacha mtoto wake bado ananyonya. Mimi ndiye niliyemwachisha ziwa, kwa uji na kwa mgongo wangu huu. Msichana akakua akimjua mama yake kama uso wa kwenye simu, akawa anamwita anti, kwa sababu kila mwanamke aliyetupigia simu kutoka mbali alikuwa anti. Mara ya kwanza tulicheka.

"Niite mama," binti yangu alikuwa akimwambia.

"Sawa, anti," mtoto anajibu.

Kule binti yangu alikuwa akifua na kupiga pasi shuka za hoteli. Kampuni ilimpa kitanda cha juu katika chumba cha wasichana, na mgeni haruhusiwi kukalia hata ngazi za nje. Basi akatoka huko, akapanga balkoni, akatutafutia viza ya matembezi mimi na mtoto. Aliniambia waziwazi kwenye simu, "Mama, huyu akianza shule kabla hajanijua, basi tena. Niletee nimpate." Jambo lilikuwa hilo moja tu. Hatukwenda kuona maghorofa.

Na lilikuwa gumu. Binti yangu alirudi kazini ananuka sabuni, macho mekundu kwa mvuke wa pasi, anapiga magoti kwenye mlango wa mbao, na mtoto anageukia ukutani. Alimnunulia viatu vinavyowaka taa ukikanyaga. Mtoto akasema asante anti, akavaa, akaja kunionyesha mimi. Mama yake akaenda bafuni akafungulia bomba kwa nguvu ili tusimsikie.

Nilijaribu mbinu. Nikajifanya mkono unaniuma, ili mama yake amwogeshe.

"Basi nitakaa mchafu mpaka mkono upone," mtoto akasema.

"Na usipopona?"

"Utapona, shosho. Huwa unapona."

Mwisho nywele ndizo zilizofungua mlango. Mimi siwezi kusuka mistari ile midogo, macho hayaoni tena, na mtoto alikuwa anapenda kujitazama. Akakubali kukaa katikati ya magoti ya mama yake. Mwanzo alikaa amekaza shingo kama mtu anayechomwa sindano. Baadaye shingo ikalegea. Ikafika siku nikamkuta amelala hapohapo, kichwa kwenye paja la mama yake, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele, na binti yangu hasogei, mguu umekufa ganzi, ananikonyeza nisiseme neno. Neno lenyewe "mama" lilikuwa bado. Lakini alianza kuniuliza, anti atarudi saa ngapi. Mimi nikasema moyoni, linakuja.

Aliyetupangisha alikuwa bibi wa rika langu, mwenyeji wa Unguja, aliyeingia Dubai kabla ya hayo maghorofa yanayopigwa picha. Jina la kwenye mkataba lilikuwa lake. Yeye alilala sebuleni, vyumba akawapa wasichana wa Kenya na Uganda wa kazi za ulinzi na hoteli, balkoni akatupa sisi. Mimi nilimwita Bi Mkubwa. Kila alasiri akimaliza kuswali aliwasha makaa kwenye chetezo, akatia udi, akafukiza mapazia na makochi mpaka nyumba nzima ikanukia kama harusi. Kile kidude cha dari kinachonusa moshi alikuwa amekivisha kofia ya plastiki ya kuogea. Cha ukumbini, nje ya mlango wetu, kilikuwa cha jengo, hakikuvishwa kitu.

Siku ya kwanza alinisikiliza nikizungumza, akatikisa kichwa.

"Mwenzangu, Kiswahili chako kinakwenda kwa magoti."

"Kinafika lakini?"

"Kinafika, kinafika. Kimechoka tu, maskini."

Tukawa tunaishi hivyo, tunapigana vijembe mchana kutwa kama mawifi. Yeye alisema chai yangu ni dawa ya minyoo. Mimi nilisema chai yake ni maji ya kuoshea iliki. Mlinzi wa jengo, mtu wa Pakistani ambaye kule wanamwita natur, alikuwa akipanda kuja kuchukua chapati zangu, na kwa sababu ya hizo chapati macho yake yalikuwa hayazioni mbao.

Sasa siku ya mawe.

Mbingu ilikuwa ya manjano tangu asubuhi, halafu mchana ikawa nyeusi upande wa bahari. Binti yangu alikuwa kazini. Mimi nilikuwa naanua nguo. Upepo ukakata ghafla, na ile harufu ikanipata, harufu ya udongo na chuma. Sikuitarajia pale. Nchi yetu ni ya chai, na mvua ya mawe tunaijua jinsi mtu anavyomjua mkwe mkorofi, unamtambua kwa hatua zake kabla hajabisha hodi. Nikamwita mtoto, "Toka huko kitandani, njoo ndani, njoo upesi!" Akaja anaburuta blanketi.

Ilianza kwa kugonga moja moja juu ya plastiki. Halafu ikamwagika yote, sauti ikawa kubwa hata nikimwona Bi Mkubwa anafungua mdomo simsikii. Ile plastiki ilikuwa imekaa juani miaka, jua limeila imekuwa kama biskuti. Ilitoboka tundu moja, mawili, kisha ikapasuka kutoka pembe hadi pembe ikaanguka na mzigo wake juu ya godoro. Mawe ya kwanza yalikuwa kama maharagwe. Ya mwisho yalikuwa kama ndimu.

Yaliponyamaza tulifungua mlango tukaona weupe. Godoro limefunikwa, mito imefunikwa, masanduku yamefunikwa, na mbao za upande wa barabara zimeinama nje. Kule chini mapaa ya magari na kando ya barabara kote ni weupe, kama ile theluji ya nchi za baridi tunayoiona kwenye televisheni. Wasichana waliokuwa wa zamu ya usiku waliamka wakaja na simu zao.

"Haki shosho, ni kama Ulaya!"

"Nyinyi mnaona Ulaya. Mimi naona godoro."

Wakacheka, wakapiga picha, wakarudi kulala. Siwalaumu, walikuwa wamechoka. Tukabaki wazee wawili na mtoto mmoja.

Kwetu barafu ya mawe haina kazi. Unaifagia kutoka mlangoni mpaka uwanjani, jua linamaliza. Hapa uwanja hakuna. Kumwaga chini huwezi, kuna watu wanapita na magari ya watu, na kule kutupa kitu kutoka juu ni kosa kubwa. Na huwezi kuiacha, maana kila dakika inageuka maji, na maji yanaingia ndani ya godoro.

"Karai liko wapi?" nikapiga kelele.

"Karai ndiyo kitu gani?"

"La kufulia!"

"Sema beseni, bibi wee! Nikadhani wanitukana!"

Tukachota. Yeye na beseni, mimi na sufuria ya ugali na kifuniko chake. Tulibeba kutoka balkoni, tukapita sebuleni juu ya mazulia yake, tukapita jikoni, mpaka bafuni. Tunamwaga kwenye pembe ya kuogea, tunafungulia maji ya moto, mvuke unajaa, na tundu la maji linameza polepole kama mtoto asiyetaka dawa. Tukirudi tunakuta tulipochota pamejaa tena, maana ile iliyokuwa kwenye masanduku imeporomoka. Ukiikaribia hata si nyeupe. Ina mchanga, ina vipande vya plastiki, ina ile taka nyeusi ya juu ya majengo. Vidole vyangu vina baridi yabisi tangu enzi za kuchuma chai, na barafu ile iliingia kwenye mifupa ikakaa. Nilikamua blanketi, likatoa maji kama ng'ombe aliyetoka kuzaa. Nikalikamua tena, likatoa yaleyale. Nikaketi chini kidogo. Nilikuwa nawaza, leo tutalala wapi, na kesho, na huyu mtoto nywele zake zitasukiwa wapi.

Mtoto alikuwa amevaa sweta ya mama yake, mikono imefika magotini. Alishika kikombe cha bati, anachagua. Madogo anatupa, makubwa yaliyo mazima anaweka. Nilipotaka kumwaga kikombe ndani ya sufuria akakikumbatia.

"Hii usimwage, shosho."

"Ya nini?"

"Ya mama. Yeye hajaona."

Nikasimama na sufuria yangu. Bi Mkubwa alikuwa bafuni anapigana na lile tundu. Nilikuwa peke yangu na lile neno.

"Mama gani?" nikamuuliza, polepole, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege.

Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Mama yangu. Yule anafua. Akija atasema tunadanganya."

Nilitaka kumpigia binti yangu saa ileile, lakini kazini kwao simu zinafungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Basi nikamnyanyua mtoto, kwa mkono uleule niliosema unauma, akaweka kikombe mwenyewe kwenye friji, juu kabisa kwenye barafu, nyuma ya samaki wa Bi Mkubwa. Akafunga mlango, akaufungua tena kuhakikisha, akafunga. Mimi nikarudi kuchota na kwa muda ule sikusikia baridi. Nilisema, hata godoro liende. Hata hilo.

Halafu radi ikapiga tena na giza likarudi.

Sasa hatuna paa. Mbao zimeinama. Nikasema kwa sauti, sikumwambia mtu, "Mama yangu angekuwa ameshatupa majivu."

Bi Mkubwa akasimama mlangoni na beseni lake. "Majivu ya nini?"

Nikamweleza. Kwetu mawe yakianza, mama alichota majivu ya moto jikoni, na kaa moja au mawili ndani yake, akarusha uwanjani mbele ya mlango akasema, "Pita, hapa pana watoto." Sijui kama yalikuwa yakipita kwa ajili ya majivu. Najua alirusha kila mara, na sisi tulikaa nyuma ya sketi yake tukaona tuko salama. Nikangoja Bi Mkubwa aniambie hiyo ni shirki, kwa sababu ni mtu wa dini sana. Akatazama mbingu.

"Bibi yangu wa shamba naye akirusha," akasema. "Yeye ilikuwa kwa ajili ya upepo. Majivu ni majivu."

"Majivu tutapata wapi hapa?"

Akaenda sebuleni akarudi na chetezo. Alasiri ilikuwa imepita, udi ulikuwa umeshaungua, makaa bado yapo chini ya majivu, mekundu kabisa.

"Rusha wewe," akasema, "mvua yenyewe ni ya kwenu."

"Chetezo ni chako, rusha wewe."

"Khaa! Haya, tushike sote."

Tukashika sote, kwa matambaa, wanawake wawili ambao tulikuwa hatujawahi kukubaliana hata kiasi cha chumvi. Mawe yalikuwa yameanza tena kugonga. Tukarusha. "Pita!" nikasema. "Pita, hapa pana mtoto," akasema yeye. Makaa yakalia tsss juu ya barafu, moshi mweupe ukapanda, na haki ya Mungu mawe yakakata. Yakakata hapohapo. Tukatazamana. Bi Mkubwa akaanza kucheka akashika ubavu, nami nikacheka, na mtoto akacheka kwa kutuona sisi. Hiyo ndiyo mara yangu ya mwisho kucheka Dubai.

Mtoto ndiye aliyenusa kwanza. "Shosho, kunanuka gari."

Kaa moja lilikuwa limebingirika mpaka chini ya pembe ya godoro, upande wa ukutani ambako barafu haikufika, pakavu. Godoro la sponji haliwaki kama kuni, linayeyuka, na moshi wake ni mweusi na mzito. Tukalimwagia barafu. Ile barafu tuliyoilaani mchana kutwa, tukaichota kwa mikono tukalitupia, na moto ukafa kabla haujawa moto. Laiti ingekuwa ni moto tu. Wasichana waliamshwa na harufu, wakatoka vyumbani wakikohoa, wakakimbilia nje na kuuacha mlango wazi. Moshi ukawafuata ukumbini, kwa kile kidude kisichovishwa kofia. Jengo zima likaanza kulia.

Natur alikuwa wa kwanza kufika, amebeba mtungi mwekundu, anahema. Alipoona hakuna moto akamwambia Bi Mkubwa kwa Kiarabu cha haraka, na kwa mikono yake nilielewa, zifiche, zifiche. Utaificha vipi nyumba? Nyuma yake wakapanda watu wenye buti, wale ambao kengele ikilia lazima waje. Walikuwa watu wapole. Mmoja aliniita mama. Alipita sebuleni, akasimama kwenye balkoni, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akatazama nyaya za umeme zinazoning'inia zimelowa, akauliza kitu.

"Anauliza nani analala hapa," Bi Mkubwa akasema. Kisha akamjibu mwenyewe, nikasikia sauti yake ya kubembeleza, anamwambia ni wageni wake, wanakaa naye sebuleni.

Mtoto alikuwa amejificha nyuma yangu. Alidhani ameulizwa yeye. "Sisi," akasema. "Mimi na shosho na anti."

Hakuna aliyemtafsiria yule mtu, wala haikuhitajika. Alikuwa anatazama mito mitatu. Lakini mimi nilisikia. Kwa woga mtoto alikuwa amerudi kwenye neno alilolizoea.

Wakazima umeme wa nyumba yote kwa ajili ya zile nyaya. Wakasema mbao zitoke leo, asilale mtu pale, na watarudi kuangalia vyumba vingine. Natur ndiye aliyepewa nyundo. Alibomoa akiwa amenipa mgongo, na kila ubao ukitoka alisema, "Khalas, mama. Khalas," yaani basi, imekwisha. Kufika magharibi palikuwa balkoni kama balkoni zote, sakafu imelowa, godoro limesimamishwa ukutani lina shimo jeusi pembeni.

Binti yangu aliingia wakati huo. Barabara zilikuwa zimejaa maji, basi lao la kazi liliwashusha mbali, akaja kwa miguu, viatu mkononi, amelowa mpaka kiunoni. Alisema alipokuwa chini alitazama juu akadhani amekosea jengo. Hakuuliza kwanza godoro, hakuuliza mbao. Alimtafuta mtoto kwa macho, akamwona amekaa juu ya sanduku sebuleni, akapiga magoti akafungua mikono.

"Usinishike, anti," mtoto akasema. "Umelowa."

Mikono ikabaki juu, halafu ikashuka.

Mimi nikamvuta binti yangu jikoni. Nilikuwa na kitu cha kumpa. Mchana wote huo, na wale watu, na nyundo, nilikuwa nimekishika kile kitu moyoni nikisema, akija nitampa. "Amekuwekea," nikamwambia. "Fungua friji."

Akafungua. Umeme ulikuwa umezimwa tangu saa ile, samaki wanachuruzika. Akanyoosha mkono nyuma yao akatoa kikombe cha bati. Akakitazama kwa mwanga wa simu.

"Ni maji, mama."

"Ilikuwa barafu. Alikuokotea, moja moja. Alisema ni ya mama."

"Mama."

"Alisema hivyo! Mungu mmoja. Alisema, ya mama, yeye hajaona."

Aliniangalia. Mtoto wangu ananijua. Anajua ni mara ngapi nimejifanya mkono unauma. "Usinifariji," akasema, "tafadhali. Leo usinifariji."

"Muulize mwenyewe!" Nikamwita mtoto, akaja anatembea juu ya vidole kwa ajili ya maji sakafuni. Nikamshushia kikombe mbele ya macho. "Hiki ulimwekea nani?"

Akachungulia ndani. Akanusa, akakunja pua kwa harufu ya samaki.

"Si changu," akasema. "Changu kilikuwa na barafu."

Binti yangu akamshika kichwa kidogo, kwenye mistari ya nywele. "Sawa," akasema. "Asante, mama." Alisema asante kama mtu anavyowashukuru waliokuja matangani. Akamwaga yale maji kwenye sinki, akaosha kikombe kwa sabuni, ndani na nje, vizuri, kwa mikono ya kazi yake, akakigeuza juu ya vyombo vingine.

Siku zilizofuata tulilala juu ya mazulia ya Bi Mkubwa, wakati yeye mwenyewe akifungasha, kwa sababu mkataba wake ulivunjwa na wasichana wote wakaambiwa watafute kwingine. Alikwenda kukaa kwa mpwa wake. Hakunilaumu hata kidogo. Alisema chetezo kilikuwa chake. Ningependa angenilaumu, tungegombana, ningekuwa na mahali pa kuweka uchungu wangu. Aliponiaga alinishika mikono akatazama vidole vyangu akasema, "Upake mafuta ya karafuu, bibi wa bara," basi.

Binti yangu alitafuta chumba. Alitafuta palepale Deira tulikokuwa, akatafuta mpaka kule Jumeirah Village Circle, na kila mahali jibu lilikuwa mtu mmoja tu, mtoto hapana, mzee hapana. Kampuni ikamrudishia kitanda cha juu. Sisi tukarudishwa nyumbani viza ikiwa bado ina uhai. Uwanja wa ndege mtoto alimpungia mama yake mkono vizuri, kwa adabu, jinsi anavyompungia mwalimu wa shule ya Jumapili. Vile viatu vya taa vilikuwa vinawaka kila hatua tuliyokwenda mbele. Binti yangu alikuwa akivitazama viatu.

Sasa ameanza shule. Anajua kusoma, anamsomea mama yake kwenye simu, na akimaliza anasema kwaheri anti. Zamani binti yangu alikuwa akimwambia, niite mama. Siku hizi hamwambii tena. Anasema, kwaheri mpenzi, kisha anasema, nipe mama niongee naye, na mimi napokea simu.

Juzi mvua ya mawe ilishuka hapa kwetu, ikachana majani ya chai mpaka shamba likanuka kama birika. Jikoni kulikuwa na majivu ya moto, makaa yako ndani. Sikurusha. Mtoto alisimama mlangoni anatazama uwanja unavyogeuka mweupe. Nikamwendea nyuma nikamwambia, "Tumwekee mama kidogo? Hajaona."

Akageuka akanitazama kwa huruma, kama watoto wanavyotazama wazee walioanza kusahau majina.

"Mama nani, shosho?"

Nilichukua kikombe nikatoka mwenyewe. Nikachagua makubwa, yaliyo mazima. Nikakiweka dirishani, upande usio na jua. Hatuna friji.